Mkate Unaovuta Uzi, na Maswali Mengine ya Mwokaji



Miongoni mwa barua zilizofika katika safu hii, moja imetufanya tuahirishe mazungumzo tuliyokuwa tumeyaandaa juu ya mboga za majani. Imeandikwa na mama mmoja wa Tanga, mjane mwenye watoto 4, ambaye huoka mikate nyumbani kwake na kuipeleka madukani kila alfajiri. Kwa kuwa yaliyomfika yeye yanaweza kumfika mwokaji yeyote anayeishi katika joto la pwani, na kwa kuwa riziki ya nyumba nzima imo ndani ya swali lake, tumeona vema tuanze na hilo. Maswali mengine tuliyoulizwa juu ya mkate tutayapitia baadaye, kadiri nafasi itakavyoruhusu.

Mama huyu anaeleza kwamba kwa muda wa miaka 2 ameoka mikate 20 kila jioni bila kusikia lalamiko. Mwezi wa Machi, katika siku zile za joto na unyevu kabla ya masika kushika, mwenye duka mmoja alimrudishia mikate 6. Kwa nje ilikuwa mizuri. Ganda lake lilikuwa la kahawia na halikuwa na hata doa moja la ukungu. Lakini ilipokatwa ilitoa harufu ya nanasi lililoiva kupita kiasi, na ndani mlikuwa na mabaka yenye kunata. Vipande viwili vilipotenganishwa vikavuta nyuzi nyembamba, mfano wa mlenda. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Mtaani pakavuma habari kwamba anatumia unga uliooza, na jirani mwingine akamwambia kuwa amepigwa jicho. Ndani ana mifuko 2 ya unga aliyoinunua kwa mkopo wa kikoba, naye anauliza: je, aitupe?

Jibu letu la kwanza ni kwamba asiitupe bado, wala asihangaike kumtafuta aliyemwonea kijicho. Maradhi hayo ya mkate yanajulikana tangu zamani kwa waokaji wa nchi nyingi, nayo huwashika hasa katika miezi ya joto.

Asili yake ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho wataalamu hukiita Bacillus subtilis. Makazi yake ni udongo. Kutoka shambani hushika punje ya ngano, na ngano inaposagwa huingia katika unga. Karibu kila unga una vijidudu hivi kwa kiasi fulani, na unga wa ata, ambao husagwa pamoja na maganda ya ngano, aghalabu huwa navyo vingi kuliko unga mweupe. Linalowashangaza wengi ni kwamba tanuri haiviui vyote. Vinapopatwa na hali ngumu hujifungia ndani ya gamba, mfano wa mbegu inayosubiri mvua. Tanuri inaweza kuwa na joto la nyuzi 200 za sentigredi, na ganda la mkate likageuka rangi, lakini katikati ya mkate, maadamu mna maji, joto halizidi nyuzi 100, na mbegu hizo hulistahimili. Mkate ukitolewa, kisha ukakaa saa nyingi ukiwa na joto na unyevu, mbegu huamka na kuzaana, na kuanza kula wanga na protini ya mkate. Katika muda wa siku 1 hadi 3 harufu hutoka, kisha nyuzi.

Basi ukungu na uzi ni vitu viwili mbalimbali. Ukungu hufa tanurini, nao humjia mkate baadaye kutoka hewani, mikononi au katika kisu; ndiyo maana huanzia juu. Uzi huanzia ndani, kwa sababu ulikuwamo tangu mwanzo. Mama aliyezoea kuukagua mkate kwa kuutazama ganda hawezi kuuona.

Hapa ndipo tunapofika katika mambo mawili ambayo mwenzetu ameyataja kwa kupita tu, ilhali ndiyo yenye kisa chenyewe. La kwanza, miezi michache iliyopita mwenye duka alimtaka aanze kuifunga mikate katika mifuko ya nailoni, naye huifunga ingali na moto ili ifike dukani ikiwa laini. Alipoanza kufanya hivyo yalikuwa majira ya baridi, na halikutokea lolote. Joto la kaskazi lilipokuja, ubaya ukadhihirika. Mkate uliofungwa ungali moto hutoa mvuke usio na pa kwenda. Matone hushika ndani ya mfuko, ganda hulowa, na mkate hubaki na vuguvugu usiku kucha. Yaani amewatayarishia vijidudu kitanda na blanketi.

La pili, mikate iliyorudi bila kuuzwa huilowanisha na kuikanda ndani ya donge jipya ili isipotee. Tunauheshimu ubanaji matumizi wa mama mwenye watoto 4, lakini katika jambo hili hapana budi tuseme wazi: kipande kimoja cha mkate wenye uzi kikiingia katika donge la leo, huieneza balaa katika mikate yote ya leo. Mkate mzuri uliobaki na ukaushwe, upondwe, utumike kupakia vipande vya samaki kabla ya kukaanga. Mkate uliovuta uzi usiliwe, na wala usirudi jikoni kwa sura yoyote. Na ufukiwe au uchomwe mbali na mahali pa kukandia.

Dawa yake si ya gharama kubwa. Kijidudu hiki hakipendi ukali, kwa hiyo siki humdhoofisha adui huyu kuliko kitu kingine chochote kinachopatikana jikoni. Vijiko 2 vikubwa vya siki ya kawaida katika kila kilo 1 ya unga, vikichanganywa na maji ya kukandia, vinatosha. Mlaji hatatambua ladha, na mkate utaumuka ingawa pengine utachelewa kidogo. Asizidishe, kwani siki nyingi huidhoofisha hamira nayo. Kisha asafishe beseni, ubao, vibati vya kuokea, meza na kisu kwa maji ya moto na sabuni, avisuuze, halafu avipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa siki. Vitambaa vya kufunikia donge na vichemshwe. Unga mkavu uliosalia katika pembe za meza na nyufa za ubao nao uondolewe, maana hapo ndipo mbegu zinapojificha wiki nzima.

Halafu mikate ipozwe. Ikitoka motoni itolewe katika vibati mara moja, na isilazwe juu ya meza, bali juu ya wavu, au vijiti viwili vilivyopangwa sambamba, ili hewa ipite chini yake. Kwa mkate wa ukubwa wa kawaida muda wa saa 2 hadi 3 unahitajika, na katika usiku wenye joto pengine zaidi. Ukiushika chini na usihisi vuguvugu lolote, ndipo unapofaa kufungwa. Tunajua atasema kwamba mwenye duka anataka mkate laini. Nasi wanunuzi tuna lawama yetu hapa: tumejizoeza kuubonyeza kila mkate dukani kwa vidole, tukidhani ulaini wa asubuhi ndio ushahidi wa uzima.

Kabla hatujaliacha jiko lake, kuna neno moja ambalo hakutuuliza. Anasema kwamba huoka usiku kwa mkaa, ndani ya chumba kimoja na watoto waliolala, na mlango umefungwa kwa sababu ya mbu. Mkaa unaowaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu na kumwua usingizini. Afadhali mkate wa siku moja upotee kuliko kuendelea hivyo. Jiko litoke nje, chini ya bati la baraza, hata kama itabidi aoke alasiri badala ya usiku.

Sasa tugeukie maswali ya wengine.

Wapo wanaotuuliza kwa nini mkate unaohifadhiwa katika jokofu huwa mgumu upesi kuliko ulioachwa kabatini. Wengi hufikiri kwamba mkate hukakamaa kwa kukaukiwa na maji. Mwaka 1852 mkemia Mfaransa, Jean-Baptiste Boussingault, alionyesha kwamba hata mkate uliozibwa usipoteze maji hukakamaa vilevile, na kwamba ukipashwa moto hurudi kuwa laini. Ilikuja kufahamika baadaye kwamba kinachobadilika zaidi ni wanga. Katika moto wanga hunywa maji na kulegea. Mkate unapokaa, wanga hujipanga upya na kujikaza, na kazi hiyo huenda kasi zaidi katika ubaridi wa jokofu, yaani nyuzi chache juu ya kuganda kwa maji. Katika sehemu ya kugandishia barafu, penye nyuzi 18 chini ya sifuri, kazi hiyo karibu husimama kabisa. Kwa hiyo mkate utakaoliwa leo na kesho na ukae kabatini. Wa wiki ijayo ukatwe vipande, ufungwe vizuri, ugandishwe, na kila asubuhi vitolewe vinavyohitajiwa na kupashwa juu ya kikaango kikavu. Jokofu lina faida moja tu hapa: huuchelewesha ukungu. Mwenye kuishi mahali pa unyevu mwingi huenda akaona ni heri mkate mgumu wa kuchoma kuliko mkate wenye madoa ya kijani, nasi hatuwezi kumlaumu.

Tukiwa katika ukungu, tumeulizwa kama yafaa kukata sehemu yenye doa na kula iliyosalia. Kwa muhogo mbichi au karoti, vitu vilivyoshikamana, mtu aweza kukata kipande kinene akasalimika. Mkate una vishimo kila mahali, na doa unaloliona ni kama majani ya mti; mizizi imekwisha kupenya ndani usipoiona. Baadhi ya aina za ukungu hutengeneza sumu isiyoondoka kwa moto. Nchi yetu ilipata funzo chungu mwaka 2016, pale mahindi yenye sumukuvu yalipowaua watu katika mikoa ya kati, ikiwamo Dodoma na Manyara. Yale yalikuwa mahindi na si mkate, lakini mazoea ya kukwangua ukungu na kuendelea kula ni yale yale. Mkate wenye ukungu na utupwe wote, na watoto wasinuse mfuko wake.

Juu ya hamira maswali ni mengi kuliko mambo. Hamira ni kiumbe hai, nayo hutaka mambo yale yale ayatakayo kiumbe hai: chakula, maji na joto la wastani. Ukiikoroga katika maji ya moto unayoshindwa kuyatia kidole, umeiua, na hakuna kukanda kutakakoifufua. Kuanzia nyuzi 55 au 60 hivi hufa. Anayeitilia shaka hamira yake na aikoroge katika kikombe cha maji ya vuguvugu pamoja na sukari kidogo. Baada ya dakika 10 ikiwa imetoa povu, iko hai. Isipotoa, asipoteze unga. Kosa la pili, ambalo ni la pwani hasa, ni kuiga kipimo cha hamira kilichoandikwa katika vitabu vya nchi za baridi. Donge ambalo kule huumuka kwa saa 2, hapa kwetu huumuka kwa dakika 45, kisha likaporomoka na kuwa chachu wakati mama angali anachota maji. Punguza hamira, kanda kwa maji ya baridi ya mtungini, wala usitazame saa, litazame donge. Likifika mara mbili ya ukubwa wake, na tundu la kidole likarudi polepole, liko tayari.

Kwa wale walioomba vipimo, tunavitoa hivi: unga wa ngano kilo 1, maji kiasi cha mililita 600, hamira kavu kijiko 1 kikubwa kisichofurika, chumvi vijiko 2 vya chai, sukari vijiko 2 vikubwa, na mafuta kiasi hicho hicho. Itatoka mikate 2 mikubwa. Kwa joto kali la pwani hamira inaweza kupunguzwa hadi nusu. Chumvi isisahauliwe hata kidogo, kwani pamoja na ladha huikaza gluteni, yaani ule utando unaonata na kuvutika ambao huizuia hewa ya hamira isitoroke. Wala isizidishwe: Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku katika vyakula vyote pamoja, na mkate ni mmoja wa vyakula vinavyotulisha chumvi tusiyoihesabu.

Asiye na tanuri hana sababu ya kukata tamaa. Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, kibati cha mkate juu ya mchanga, mfuniko mzito, na makaa yakapaliwa juu kuliko chini, hutoa mkate ambao hauuonei haya mkate wa kiwanda. Baada ya dakika 35 hadi 40 uugeuze na kuubisha chini kwa kidole: ukilia kama ngoma, umeiva, ukitoa sauti nzito ya kitu kilichojaa, urudi motoni. Hili linarudi kwa mama yetu wa Tanga vilevile, kwa kuwa mkate mbichi katikati una maji mengi na huharibika kwanza.

Msomaji mwingine anataka kujua kama unga wa muhogo waweza kuingia katika mkate, maana bei ya ngano imemchosha. Malalamiko yake yana msingi. Ngano hulimwa hapa nchini, Hanang, Karatu, Magharibi mwa Kilimanjaro na nyanda za Njombe na Makete, lakini sehemu kubwa ya inayosagwa katika viwanda vyetu huagizwa kutoka nje. Vita vilipozuka Ukraine mwezi Februari 2022, mwenye kununua mkate wa watoto kijijini naye alivihisi. Muhogo hauna gluteni, wala mahindi, wala mtama. Ndiyo sababu mkate wa mofa, unaokandwa kwa mtama, huwa bapa, wala hakuna anayetaraji uumuke kama boflo. Sehemu 1 ya unga wa muhogo katika sehemu 9 za ngano haitatambulikana. Sehemu 2 kwa 8 mkate utakuwa mzito kidogo na utakauka mapema. Zaidi ya hapo ni vema utengeneze chakula kingine na ukipe jina lake. Na unga wa muhogo uwe wa muhogo ulioandaliwa vizuri, ukakaushwa barabara, hasa ikiwa ni muhogo mchungu.

Kuhusu kuchagua baina ya unga mweupe na wa ata, mlaji atapata nyuzinyuzi nyingi zaidi katika ata, bali mwokaji akumbuke kwamba una mafuta ya kiini cha ngano, ambayo huchacha. Usinunuliwe wa miezi mitatu kwa mara moja. Unga mweupe wa viwandani, kwa kanuni zilizotungwa hapa nchini mwaka 2011, hutakiwa kuongezwa madini ya chuma na zinki pamoja na vitamini, ikiwamo foliki asidi, iliyo muhimu kwa mama mjamzito. Tafuta alama yake juu ya mfuko. Fukusi wakiingia, chekecha na uanike, na ujue kuwa umenunua mwingi kuliko unavyoweza kuutumia.

Turudi kwa mifuko ile 2. Mama yetu na afanye jaribio ambalo waokaji wa zamani walilitumia. Baada ya kuvisafisha vyombo vyote, achote unga katika mfuko wa kwanza, aoke mkate mmoja mdogo bila siki, aufunge ungali na vuguvugu, na kuuweka mahali pa joto karibu na jiko kwa siku 2. Kisha aukate, aunuse, na kuvitenganisha vipande. Afanye hivyo na mfuko wa pili. Ikiwa hakuna harufu wala uzi, unga wake ni mzima; lawama ilikuwa ya vyombo na ya mikate iliyorudishwa katika donge, naye aendelee, kwa siki na kwa subira ya kuipoza. Ikiwa uzi umetokea, unga huo haufai kwa mkate wa kulala dukani, lakini si wa kutupwa: autumie kwa chapati nyembamba zinazoiva barabara na kuliwa siku ile ile, kwa kuwa mbegu hazipati muda wa kuamka. Chapati za asubuhi zina wanunuzi Tanga kama mikate.

Na yule mwenye duka aliyerudisha mikate 6, ampelekee mikate 6 mingine bila malipo, iliyopoa, na amwombe aikate mmoja wao siku ya tatu mbele ya wateja.